Kasha la Kumi na Mbili

Kufuli lilikuwa zima. Hilo ndilo jambo la kwanza Felician aliloliona, na ndilo lililomfanya asite kuvuka kizingiti cha ghala.

"Umejionea mwenyewe," alisema Mkaguzi Mussa wa polisi Newala, akiligeuzageuza kufuli mkononi kama mtu anayechagua nazi sokoni. "Halikukatwa, halikupigwa nyundo. Limefunguliwa kwa ufunguo na kufungwa kwa ufunguo. Na ufunguo anao nani? Kasiani, mtunza ghala wenu. Kesi imekwisha, kijana. Andika ripoti yako, twende tukanywe chai."

Chai ilikuwa mbali na mawazo ya Felician. Alikuwa afisa wa ruzuku na mikataba wa shirika moja la misaada lenye ofisi Masasi, kijana wa Kihaya ambaye wino wa shahada yake ulikuwa haujakauka vizuri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kilichoahidiwa na wafadhili kinawafikia walioahidiwa. Safari hii zilikuwa zimeahidiwa pampu kumi na mbili za mkono, kwa ajili ya visima vya bondeni chini ya Mnyambe, ambako msimu uliopita kipindupindu kilizoa watu wazima na watoto. Pampu zilikuwa zimepanda Newala ndani ya makasha ya mbao, moja ndani ya kila kasha. Jana asubuhi ghala lilikutwa tupu.

Alasiri hii Bibi Ethel, mwakilishi wa wafadhili, angeketi ofisini Masasi kuamua jambo moja tu: ruzuku iendelee au ifutwe. Mkataba haukuwa na huruma. Mali ikiibwa na mtumishi wa shirika, ruzuku inafutwa siku hiyohiyo. Kasiani angekwenda jela, na watu wa Mnyambe wangeendelea kunywa maji ya visima vilivyo wazi, na mawingu ya mvua ya kwanza yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa Ruvuma.

Felician akavua viatu, akaingia. Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha nje katika ua wa ukoo wa akina Kasiani. Shirika lilikipanga kwa sababu hapakupatikana chumba kingine mjini chenye paa lisilovuja. Akawasha tochi, akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi shavu likakaribia kugusa sakafu.

"Unaswali?" aliuliza Mkaguzi Mussa.

"Afande, njoo uangalie hapa."

"Naona vumbi. Newala tunalo la kutosha, tunaweza kuwauzia na nyie."

"Sawa, lakini liangalie vizuri. Makasha hayakupandanishwa, yalipangwa chini, moja kando ya jingine. Kila lilipokaa kasha, vumbi halikufika, sakafu ni nyeusi. Hesabu hayo madoa meusi."

Mkaguzi akahesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza. "Kumi na moja."

"Na la kumi na mbili?"

Felician akasogeza tochi hadi pembeni, karibu na mlango. Palikuwa na pembe nne za kasha, zinaonekana kwa mbali, lakini ndani ya pembe hizo vumbi jekundu lilikuwa limetanda sawasawa na kwingine, na mjusi alikuwa amepita hapo akiburuta mkia.

"Kasha hili halikuondoka na wenzake," alisema, na sauti yake ilianza kupanda kwa furaha ambayo hakuweza kuizuia. "Liliondoka kabla, tena zamani. Wezi wa juzi walikuta makasha kumi na moja!"

Mkaguzi Mussa alilitazama lile doa, akamtazama Felician. "Basi Kasiani aliiba mara mbili," alisema. Lakini hakutaja chai tena.

*

Kasiani alitolewa mahabusu, akakalishwa kwenye benchi mbele ya meza ya Mkaguzi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mtu ambaye hata kizuizini alikuwa amekunja blanketi lake vizuri.

"Shikamoo, Mzee Kasiani."

"Marahaba, Bwana Felician. Nyumbani kwangu umepita? Mama Dorika hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Mzee, makasha yalikuwa mangapi ghalani siku moja kabla ya wizi?"

"Nilipokea kumi na mawili."

"Sikuuliza ulipokea mangapi."

Kasiani akafanya jambo ambalo Felician hakulitarajia kwa mtu anayeikabili jela: alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la aibu, kama la mtu aliyefumwa akicheza na watoto.

"Moja liliondoka kabla," alisema Felician. "Nimeona sakafu. Lilikwenda wapi?"

"Bwana Felician, yako mambo ambayo si ya polisi."

"Hata kama yatakufunga?"

"Hata kama. Mtu akiyapeleka mambo hayo polisi, siku akifiwa na mwanawe atazikiwa na nani?"

"Unasikia?" Mkaguzi Mussa alipiga meza. "Anakiri kuna kitu anaficha! Mrudisheni ndani!"

Kasiani akainuka bila ubishi. Mlangoni akageuka. "Makasha yale kumi na moja, naapa kwa kaburi la mama yangu ambalo udongo wake haujashuka, sijui yaliko."

Felician alibaki akiyarudia maneno yale. *Atazikiwa na nani?* Mtu anayeogopa mwizi husema ataniua. Mtu anayemlinda mwenziwe katika wizi hasemi kitu. Kwa nini huyu alitaja mazishi? Na kaburi la mama yake, kwamba udongo haujashuka? Basi kulikuwa na msiba katika ua ule, wa karibuni, wakati makasha yakiwa ndani.

"Sultani!" alimwita dereva wake aliyekuwa akifuta vioo nje. "Turudi kwa Mama Dorika. Upesi!"

*

Safari hii Felician hakuangalia ghala. Aliuangalia ua. Banda la kuku halikuwa na mlango. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani ilikosa gurudumu la mbele. Kinu kilikuwepo, mchi haukuwepo. Nyumba ya mtu nadhifu kama Kasiani, na kila kitu kimepungukiwa!

"Mama Dorika, pole tena kwa yote," alisema. "Hivi mlango wa banda umekwenda wapi?"

Mke wa Kasiani alikuwa na macho yaliyovimba kwa kulia, lakini swali hilo lilimfanya aangue kicheko kabla hajaweza kujizuia. Akajifunika mdomo kwa kanga.

"Umekwenda na kilio cha mama mkwe."

"Na gurudumu? Na mchi?"

"Vyote vilikwenda na kilio."

"Mama mkwe alizikwa na nani?"

"Si watani? Nani mwingine anazika? Ndio waliochimba kaburi, ndio waliopika, ndio waliotuchekesha tusife kwa uchungu. Na mtani akizika, anabeba anachokitaka. Ndiyo ada. Wewe unakwenda kugomboa taratibu, na kuku wako, na unga wako."

Felician akanyoosha mkono kuelekea ghalani.

"Na mle? Waliingia?"

Mama Dorika aliinamisha kichwa, akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu. Alichora kitu chenye pembe nne.

Sultani, aliyekuwa amesimama nyuma, alipiga makofi. "Aisee! Mama Dorika, usiseme, mimi ndiye nitakayesema, maana mimi sifungwi na miiko yenu. Bosi, watani wa Wamakonde hawa ni sisi Wayao. Na Wayao wa hapa Newala tukienda kwenye kilio cha Mmakonde, anayeongoza ni mmoja tu. Bi Stamili, muuza ng'onda, pale sokoni."

"Lakini kasha lilikuwa mali ya shirika!"

"Lilikuwa ndani ya ua wa nani?" aliuliza Sultani.

Chuoni walikuwa wamemfundisha Felician kila aina ya hatari inayoweza kuipata mali ya msaada: moto, mafuriko, mchwa, wizi. Hakuna aliyewahi kutaja utani.

*

Soko lilinuka mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Ilikuwa msimu wa korosho, na wanunuzi binafsi walioingia na soko huria walikuwa wametundika mizani kila kona, wakipigiana kelele za bei. Katikati ya kelele hizo, nyuma ya chungu za ng'onda, wale samaki wakavu, alikuwa ameketi bibi mmoja mnene mwenye sauti ya kengele. Alikuwa amekalia kitu kirefu kilichofunikwa kwa kanga kuukuu.

"Shikamoo, Bibi Stamili."

"Marahaba, mjukuu. Wewe si wa huku. Hiyo pua ni ya wapi?"

"Bukoba, bibi."

"Ah! Mla senene! Jamani, njooni mumwone, huyu mapanzi yakipita anafunga kazi!" Watu walicheka. Bi Stamili akamwona Mkaguzi Mussa nyuma, na uso ukambadilika. "Na huyu umekuja naye wa nini? Jana nilikwenda kituoni kwake. Nikamwambia, mwanangu, Kasiani mwachieni, kuna kitu cha utani nataka kusema. Akaniambia, bibi, usituletee utani hapa, tuko kazini. Akanifukuza kama kuku!"

Macho yote yalimgeukia Mkaguzi. Akakohoa, akarekebisha mkanda.

"Bibi," alisema Felician, "hicho ulichokalia ni kasha la pampu?"

"Nilichokalia ni urithi niliopewa na marehemu. Wamakonde hawa wana nini cha kurithisha? Maji wameyaogopa tangu zamani, wakayakimbia wakapanda huku juu mlimani. Nikakuta kakasha kamefungwa vizuri, nikasema, leo nimepata benchi. Mnaulizaulizia nini?"

"Nalihitaji. Kasiani atafungwa."

"Basi ligomboe."

"Nikupe kuku? Nitanunua sasa hivi."

"Kuku ni wa mfiwa. Wewe mfiwa? Hata kaburi hulijui." Bi Stamili akamkazia macho, na chini ya mzaha wake mlikuwa na kitu kingine kisicho cha mzaha. "Yule marehemu alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote. Nilimtukana kila siku, naye alinitukana kila siku. Kama unakuja kwa ajili ya mwanawe, mlilie. Mlilie hapa, mbele ya watu, kwa sauti."

Watu wakasogea, wakawazunguka.

Felician aliitazama saa yake, akautazama umati, akamtazama Mkaguzi aliyekuwa akitazama angani. Kisha akapiga magoti kwenye mchanga, pale penye magamba ya samaki, akashika kichwa kwa mikono miwili na kupaza sauti.

"Mama weee! Mama yake Kasiani umetuacha! Umeondoka na mwanao amewekwa ndani! Nani atamtoa, mama weee!"

Alianza kwa kuigiza. Lakini sauti yake ilipofika kwenye neno ndani ilikatika yenyewe, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walimwitikia kwa kilio, na watu wengine walikuwa wakicheka na kufuta macho kwa pamoja.

"Basi, basi, mjukuu, inatosha," alisema Bi Stamili, akiinuka na kuvuta ile kanga. "Unalia vibaya, lakini umelia. Chukua."

Lilikuwa kasha la mbao, limezungushiwa mikanda ya bati, na pale mikanda ilipokutana palining'inia kidonge cha risasi kilichominywa kwa koleo. Ilikuwa lakiri ya mzabuni aliyeziuza pampu, nzima, haijaguswa.

"Hukufungua, bibi?"

"Kitu cha utani hakifunguliwi, kinakaliwa."

"Fungua! Fungua!" umati ukapiga kelele. Mkaguzi Mussa tayari alikuwa ameomba nyundo kwa mtu.

"Hakuna kufungua!" Felician alijitupa juu ya kasha. "Mkataba unasema lakiri ikatwe mbele ya pande zote: shirika, mfadhili, na mzabuni. Tukilifungua hapa, mzabuni atasema tumeweka tulichotaka. Sultani, libebe hivihivi!"

Sultani na wapagazi wawili wakaliinua na kulitupia nyuma ya Land Rover. Lilipoinama, ndani yake kitu kilibingirika toka mwisho mmoja hadi mwingine. *Gurugudu, gurugudu, pa.*

Felician alishikilia mlango wa gari. Alikwishaona kasha la namna hii likifunguliwa, kwenye mradi wa mwanzo kule Lukuledi. Pampu ilikuwa imekazwa kwa nati kwenye mbao za ndani, isitikisike hata lori likipinduka.

Pampu haibingiriki.

*

Waliteremka mlima kuelekea Masasi kwa mwendo ambao Mkaguzi Mussa aliusindikiza kwa sala. Felician alikaa nyuma na kasha, ameliwekea mikono, akipanga maswali. Wezi walikuja usiku wa kuamkia siku ambayo Bibi Ethel alitarajiwa kupanda Newala kushuhudia makasha yakifunguliwa. Barua ya ukaguzi ilikuwa imepelekwa kwa watu watatu. Mmoja alikuwa Kasiani. Mwingine alikuwa yeye mwenyewe Felician. Wa tatu alikuwa mzabuni.

Mzabuni aliitwa Shadrack. Zamani alikuwa karani katika shirika la umma, na shirika lilipofungwa alichipuka na soko huria kama uyoga na mvua. Sasa alikuwa na malori mawili na yadi, na kila zabuni ya misaada wilayani ilipita mlangoni kwake. Walipoingia chumba cha mkutano walimkuta ameketi karibu na Bibi Ethel, shati limepigwa pasi, uso wa masikitiko.

"Umechelewa, Felician," alisema Bibi Ethel. Alikuwa mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani na maneno machache. "Nimesoma maelezo ya polisi. Sioni njia isipokuwa kuifuta ruzuku. Una la kuongeza?"

"Nina maswali kwa Bwana Shadrack, mama. Machache tu."

"Uliza tu, mdogo wangu," Shadrack alisema kwa upole.

"Lakiri za makasha ulizifunga mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu." Akatoa koleo dogo kwenye mfuko wa ngozi, akaliweka mezani kwa fahari. "Koleo hili hulala chini ya mto wangu."

"Mtu hawezi kuiga alama yake?"

"Labda awe jini. Tazama, inachora nyota, na ncha moja ya nyota imevunjika. Hakuna nyingine kama hiyo kusini nzima."

"Na lakiri ikishaminywa, mtu akitaka kufungua kasha, aweke anachotaka, afunge tena?"

"Bila mimi haiwezekani. Ndiyo maana nasema mzigo niliokabidhi Newala ulikuwa kamili. Yaliyotokea huko juu muulizeni mtunza ghala wenu."

"Bibi Ethel, naomba maneno hayo yaandikwe kama alivyoyasema."

Bibi Ethel akaandika. Felician akaufungua mlango. "Sultani! Lete!"

Kasha likaingia, likatuliwa katikati ya sakafu. Shadrack alilitazama, na mkono wake ukanyemelea koleo pale mezani. Bibi Ethel aliwahi kulifunika kwa kiganja.

"Hili ni la kumi na mbili," alisema Felician. "Lilitoka ghalani kabla ya wizi, kwa ada ya msiba, na mtu amelikalia tangu siku hiyo. Mama, tafadhali, soma lakiri."

Bibi Ethel akainama, akapandisha miwani. "Nyota. Ncha moja imevunjika."

"Kifungu kinasema makasha yafunguliwe kisimani, mbele ya fundi!" Shadrack alisimama.

"Kinasema pia kwamba mzigo ukitiliwa shaka, yafunguliwe popote pande tatu zilipo. Sisi hawa. Afande Mussa, kata."

Mkaguzi alikata mikanda kwa pigo moja. Kifuniko kikalia, kikang'oka. Ndani mlikuwa na magunia matupu yaliyosokotwa, na katikati ya magunia, mawe.

"Kasiani!" Shadrack alipayuka. "Kasiani amebadilisha!"

"Bila koleo lako?" aliuliza Bibi Ethel.

Shadrack akamgeukia. "Basi ni bandarini. Mtwara! Mimi nimefunga lakiri juu ya mbao tu, kumbe wamekwisha kunitapeli tangu Mtwara. Hata mimi nimeibiwa, mama!"

Lilikuwa jibu zuri, na kwa kitambo chumba kizima kiliyumba nalo. Felician alichukua jiwe moja, akalipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Makasha haya yamepita mahali patatu tu," alisema taratibu. "Mtwara ni pwani. Jiwe la kuokota pale ni tumbawe, jeupe, lina vitundu na makombe ndani yake. Newala ni mchanga mwekundu. Mnamwona mtu akitafuta jiwe la mafiga kule anavyohangaika. Hili ni la kijivu, gumu, lina chembe zinazometa, na limepasuliwa kwa nyundo, ona makali yake. Ni jiwe la milima hii inayotutazama hapa dirishani. Jiwe la Masasi. Makasha yalilala wapi hapa Masasi, Bwana Shadrack?"

Kwa mbali, upande wa mlimani, walisikia wenyewe: *ko, ko, ko*, nyundo za wanawake wanaopasua kokoto.

"Yadi yake," alisema Bibi Ethel. "Anauza kokoto."

"Na ghala likaibwa ili makasha ya mawe yasifunguliwe mbele yako, mama. Kufuli pia lilitoka kwa mzabuni, limo kwenye orodha ya mkataba. Afande, ulipokea funguo ngapi kwa Kasiani?"

"Mbili." Mkaguzi alilitoa kufuli mfukoni, akaligeuza, safari hii kama mtu aliyegundua nazi ni koroma. "Makufuli haya huja na funguo tatu." Akamshika Shadrack bega. "Wa tatu uko wapi, bwana mkubwa? Na pampu ziko wapi?"

Shadrack akacheka, kicheko kikavu. "Zitafuteni."

Wakati huohuo nyundo za kokoto zikanyamaza, na mahali pake ukasikika mngurumo wa lori likiwashwa.

*

Hakuna aliyekumbuka nani alitoka wa kwanza. Mkaguzi Mussa alimsukumia Shadrack garini, mikono imetiwa pingu. Bibi Ethel alipanda nyuma ya Land Rover kwa miguu yake mwenyewe, mkoba kwapani. Sultani alikata kona kwa gurudumu moja hewani. Walipofika, lori lilikuwa limekwisha kuchomoza pua nje ya lango la yadi, turubai limefungwa kamba hadi chini.

"Lizuieni!" Felician alikuwa amesimama kwenye ngazi ya gari, akipunga mikono miwili. "Akina mama! Ni pampu za visima vya Mnyambe! Zimeibwa!"

Wanawake wa kokoto, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, walitazamana. Mmoja wao, mrefu, alisema, "Mnyambe? Mimi nilimzika dada yangu Mnyambe, wakati wa kipindupindu." Akanyanyua karai lake, akalimwaga mbele ya gurudumu. Wa pili akamwaga. Kisha wote, makarai kwa makarai, kokoto za kutwa nzima, hadi lori likapanda tuta, likateleza, likazama na kuzunguka palepale likitoa moshi. Dereva aliruka, akakimbia kwenye mikorosho.

Felician alikata kamba kwa meno. Turubai likaanguka. Chini yake, zimelazwa kwenye majani makavu, zinang'aa kwa grisi na rangi ya buluu, zilikuwa pampu. Alizipapasa moja moja akihesabu kwa sauti, na wanawake walihesabu pamoja naye, na ilipofika kumi na mbili vigelegele vilipanda hadi mlimani.

"Sawa, sawa!" Mkaguzi Mussa alipanda juu ya lori, akafuta jasho. "Kazi nzuri. Nitapiga redio Newala, Kasiani aachiwe. Lakini hizi zote sasa ni vielelezo vya mahakama. Zinakwenda kituoni, hakuna kuzigusa hadi kesi iishe."

Vigelegele vikakatika.

"Kesi itaisha lini?" aliuliza Felician.

"Mwakani. Hakimu akipenda."

Matone ya kwanza ya mvua, makubwa, yakaanza kugonga bodi ya lori. Yule mama mrefu alisimama na karai tupu, akimtazama Mkaguzi.

"Afande," alisema Felician, "sheria inataka kielelezo kitunzwe vipi?"

"Mahali salama. Pasipoweza kuhamishwa. Chini ya mtu anayeaminika, mahakama ikikitaka kionekane."

"Kikikazwa kwa nati kwenye zege, kitahamishwa?"

"Nani atakihamisha?" Mkaguzi akamkodolea. "Zege gani?"

"Zege la visima. Lilikwisha kumwagwa, linangoja. Kila kielelezo kina nambari yake, kitaandikwa kisima chake, na kijiji kizima kitakilinda usiku na mchana. Hakimu akitaka kuviona, nitamleta mwenyewe. Akiona kiu, atapiga mpini."

Bibi Ethel alivua miwani iliyolowa mvua. "Mimi nitatia sahihi," alisema. "Ruzuku inaendelea. Mtunza vielelezo utakuwa nani?"

"Kasiani."

"Mahabusu wangu?" Mkaguzi alifoka.

"Umetaka mtu anayeaminika, afande. Yule alikuwa tayari kwenda jela kuliko kuwasaliti wanaozika watu wake."

Mkaguzi Mussa alitazama pampu, akatazama wanawake, akatazama mawingu. Kisha akavua kofia yake ya kipolisi, akaitundika kwenye mpini wa pampu ya mwisho, na kukunja mikono ya shati.

"Basi mnasimama nini?" alisema. "Sukumeni lori hili! Mnyambe ni mbali, na mvua haituombi ruhusa."